Mbolea Iliyopokelewa Mlimani

Watu wa Vanga walipopata habari kwamba Muhsina binti Othman ameitwa na serikali ya visiwani kwenda kuishauri juu ya bei za vyakula, hakuna aliyeshangaa. Bibi mmoja jirani alisema tu, "Hata sisi alitushauri zamani, na wala hatukumwomba."

Bibi huyo alikuwa akikumbuka kisa cha wanunuzi watatu wa samaki. Wakati huo Muhsina alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Bimkubwa, alikuwa akipika mahamri na mbaazi, na kila asubuhi kabla ya shule Muhsina alipeleka sinia mkahawani. Siku moja aliwakuta wanunuzi waliokuja na lori la barafu kutoka Mombasa wameinamiana juu ya chai. Mmoja akawaambia wenzake, "Leo nguru asivuke shilingi mbili kwa ratili. Mimi nitataja moja na nusu, wewe utapandisha kidogo, kisha tusimame hapo." Wenzake wakaitikia. Hakuna aliyemjali mtoto mwenye sinia.

Muhsina aliweka sinia mezani, akatoka, akaenda mbio mpaka mnadani, akapanda juu ya pipa. "Msiuze!" alipiga kelele. "Wamekwisha kupatana! Hawa si watu watatu, ni mtu mmoja ana vichwa vitatu!"

Wavuvi walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka. Siku hiyo walikataa kuuza mpaka kila mnunuzi amnong'oneze mwenye mnada bei yake peke yake, mwenzake asisikie. Nguru akauzwa shilingi tatu na nusu. Jioni mmoja wa wale wanunuzi alikwenda mlangoni kwa Bimkubwa kulalamika. "Mtoto wako ana mdomo," alisema.

"Ana masikio," alijibu Bimkubwa akigeuza mahamri kwenye karai. "Mdomo ni wangu. Wautaka?"

Baba yake, Othman, alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kutia kalafati vyombo vya watu: kushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao mpaka maji yasipite. Yeye alitaka binti yake awe muuguzi Msambweni, apate kazi ya kivulini, arudi nyumbani kila Ijumaa. Lakini Muhsina alipomaliza sekondari alipata nafasi ya chuo kikuu Nairobi, na barua ilipofika, Othman aliambiwa kwamba binti yake atasoma uchumi.

"Kuchuma nini?" aliuliza.

"Si kuchuma embe, baba. Ni elimu ya namna watu wanavyochuma, na wanavyotumia walichokichuma."

Othman alishindilia pamba, akagonga, akashindilia tena. "Hilo kila mtu alijua, kasoro wewe?" alisema mwisho. "Haya, nenda kajue."

Akaenda. Alisoma Nairobi, kisha akapata ufadhili wa kwenda Ulaya, katika mji ambao jua lake, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa kama taa ya betri kuukuu. Wenzake waliokuwa wakisomea shahada ya uzamivu waliandika juu ya mabenki na mataifa. Muhsina aliomba ruhusa ya kurudi pwani ya kusini kupima samaki. Kwa miezi kumi na minne alizunguka na mizani, Vanga, Shimoni, Msambweni na Gazi, akiandika nani kauza nini, kwa nani, na siku hiyo barabara ilikuwaje. Watoto walimwita Bi Mizani, na jina likashika hata kwa watu wazima. Mwisho alithibitisha jambo ambalo mama yake angelisema bila ya mizani: kwamba mvua ya siku moja katika barabara ya Lungalunga kuja Vanga humnyang'anya mvuvi theluthi ya pato lake la wiki, na bahari haikupungua samaki hata mmoja. Wasomi wa kule waliisoma kazi hiyo wakasema ni mpya kabisa. Bimkubwa aliposomewa muhtasari wake alisema, "Ndiyo. Na tope je, umeandika?"

Alifundisha Nairobi miaka thelathini. Wanafunzi wake humkumbuka kwa mtihani wake wa kwanza, ambao haukufanyiwa darasani: kila mwanafunzi aende sokoni, anunue nyanya kwa wauzaji watatu, kisha aeleze kwa nini bei zimetofautiana. Wengi walirudi na kurasa za mahesabu. Kijana mmoja aliyezaliwa Mackinnon Road, jina lake Kahindi, aliandika mstari mmoja: "Muuzaji wa tatu ni shangazi yangu." Muhsina alimpa alama zote, kwa sababu, aliwaambia darasa, huyo peke yake ndiye aliyemwangalia muuzaji. Kahindi baadaye naye akawa mwalimu katika idara hiyohiyo.

Huko Nairobi ndiko alikoolewa. Mumewe, Abdurahman, alikuwa mwalimu wa jiografia mwenye asili ya Kikoneni, mtu mpole mwenye sauti nene, aliyempita mkewe katika kupika wali wa nazi. Muhsina alilisema hilo mbele za wageni bila ya haya. Walijaliwa mabinti wawili, na nyumba yao ikawa kituo cha kila mtu wa Kwale aliyefika Nairobi kutafuta kazi, matibabu au pasipoti.

Basi ile safari ya visiwani. Mchele ulikuwa umepanda bei huko, watu wananung'unika, na waziri aliita wataalamu watano. Swali lake lilikuwa moja: wakiondoa ushuru wa mchele, bei itashuka kwa kiasi gani? Wa kwanza akasema asilimia kumi na nane. Wa pili akasema ishirini na mbili. Wa tatu na wa nne wakabishana juu ya nukta. Zamu ya Muhsina ilipofika akasema, "Sijui, Mheshimiwa."

Waziri akavua miwani. "Profesa, tumekulipia ndege uje utuambie hujui?"

"Mmenilipia nije nijue. Nipeni siku kumi."

Alipewa, nusu kwa udadisi na nusu kwa hasira. Akazunguka masokoni na bandarini, akakaa na kina mama wapishi, akawauliza makuli wa gatini meli hukaa siku ngapi kabla ya kushusha. Siku ya kumi na moja alirudi akasema kwamba ushuru haukuwa na makosa makubwa. Meli zilikuwa zikingoja wiki mbili kwenye gati moja, na leseni ya kuleta mchele walikuwa nayo watu wawili tu, ambao hawakuwa na haraka yoyote. Fungueni ile bandari ndogo ya kaskazini, alisema, na wafanyabiashara wadogo waruhusiwe kuagiza kwa ubia. Bei itashuka kwa robo katika miezi sita.

Waziri hakumsikiliza. Alitangaza bei ya lazima, na katika wiki tatu mchele ukatoweka madukani ukawa unauzwa mlango wa nyuma. Ndipo akamwita tena. Muhsina alipofika hakusema "niliwaambia." Aliuliza tu kama ile bandari ndogo bado iko. Ikafunguliwa, na bei ikashuka kwa robo, ila ilichukua miezi minne badala ya sita. Muhsina akamwandikia waziri barua ya kuomba radhi kwa kukosea miezi miwili. Inasemekana waziri aliitundika ofisini.

Kuanzia hapo alikuwa mtu wa kuitwaitwa. Aliketi katika kamati, akaandika ripoti, akapanda ndege mpaka visigino vikavimba. Na kama inavyotokea kwa mtu anayesifiwa sana, pole pole alizoea kujibu haraka. Yeye mwenyewe hakuliona hilo mpaka siku ya harusi ya Kikoneni.

Miaka mitatu kabla ya harusi hiyo, wizara moja Nairobi ilikuwa imeunda kamati ya mbolea ya ruzuku. Mbolea ya nusu bei ilikuwa ikiishia kwa matajiri na walanguzi, na serikali ilitaka njia ya kumfikia mkulima mwenyewe. Muhsina alipendekeza vocha ya simu: mkulima aandikishwe kwa nambari yake ya simu, atumiwe ujumbe wenye tarakimu za siri, aende nao duka la pembejeo achukue mfuko wake. Ili walanguzi wasipate nafasi ya kukusanya vocha za watu, ujumbe uishe nguvu baada ya siku mbili. Ilikuwa fikra safi. Aliiandika alasiri moja, ghorofa ya nane, mvua ikipiga dirishani, na kamati nzima ikaikubali kabla ya chai. Mpango ukaanza, takwimu zikaja zikionyesha mamilioni ya jumbe zilizotumwa, na Muhsina akapewa cheti.

Sasa harusi. Mpwa wa Abdurahman alikuwa anaolewa Kikoneni. Muhsina alitangulia pamoja na wanawake, na Abdurahman akabaki Msambweni kuchukua mchele, mafuta na nazi. Ilipotimu saa nne, moto umekwisha kuwashwa na masufuria yako wazi, wala Abdurahman haonekani. Muhsina akatoa simu yake. Haikushika hata kidogo.

"Mtandao u wapi hapa?" alimwuliza wifi yake.

Wifi akaonyesha kwa kidevu kilima kilichokuwa nyuma ya mashamba ya machungwa. "Kule juu. Panda tu, utawakuta wenzio."

Muhsina alivua viatu vyake vya harusi, akavishika mkononi, akakunja buibui, akaanza kupanda. Nusu ya njia aliwafikia wanawake wanane waliokuwa wakipanda kwa mstari mmoja, wakizungumza kama watu waendao kisimani. Wa mbele yao, mwanamke mwembamba wa miaka arubaini na kitu, alikuwa amefunga simu nne katika pindo la leso yake. Jina lake Jumwa, mke wa Chengo.

"Shikamoo, dada," alisema Jumwa akimpisha.

"Marahaba. Hamjambo nyote? Nanyi mwaenda kumpigia nani?"

"Hatumpigii mtu. Twaenda kupokea mbolea."

Muhsina alidhani amesikia vibaya. "Mbolea? Huku juu?"

"Yaja kwa simu," Jumwa alimweleza, kwa ule upole ambao mtu humwelezea mgeni. "Serikali yatuma ujumbe una nambari ndani. Ukiupata, waenda nao dukani Lungalunga, wapewa mfuko kwa nusu bei. Lakini ujumbe wenyewe wafa kwa siku mbili, na kule chini majumbani simu haishiki. Basi wakati wa kupanda mbegu ukifika, kila siku mmoja wa kila upande wa kijiji hupanda kilima na simu za wenziwe. Leo zamu yangu kwa upande wa mtoni."

"Na simu hizo ni zenu?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Zetu wapi!" alisema Jumwa. "Hii ya mume wangu, hizi mbili za mashemeji, na hii ya mzee Tsofa, ambaye hajashika jembe tangu alipovunjika mguu. Aliyeandikwa ni mwenye simu. Mwenye jembe hakuulizwa."

"Mwambie ya Chengo na dereva," mmoja alimchochea kutoka nyuma.

"Aa, hiyo ni aibu ya nyumbani," alisema Jumwa, kisha akaisimulia palepale. "Msimu uliopita Chengo alikuwa Mackinnon Road anapakia malori, na simu mfukoni. Mbolea ikamfuata kulekule! Mimi huku nimepalilia, nimechimba mashimo, nangoja. Yeye akaona haiwezi kufika nyumbani kabla haijafa, akaiuza nambari kwa dereva wa lori. Dereva hana hata mchaichai." Alitikisa kichwa huku akicheka. "Mimi, dada, nimpate huyo mtaalamu aliyeyabuni mambo haya. Namfunga simu nne shingoni, namwambia haya, panda, kisha teremka, kisha kalime."

Muhsina alisimama. Viatu vilikuwa bado mkononi. Ukurasa alioziandika zile siku mbili aliukumbuka vizuri, hata namba yake. Ulikuwa wa arubaini na mbili.

"Umeshampata," alisema.

"Nani?"

"Huyo mtaalamu. Ndiye mimi."

Wakacheka tena, wakidhani mgeni ni mtu wa mizaha. Jumwa ndiye aliyemtazama usoni akaacha kucheka kwanza. "Wewe si mke wa Mwalimu Abdurahman?"

"Ndiye. Na hii vocha ya simu niliiandika mimi. Na zile siku mbili niliziweka mimi. Nilidhani nawazuia wezi."

Wanawake wakatazamana, wakitafuta adabu ifaayo wasiione. Jumwa hakuitafuta kwa muda mrefu. Alifungua pindo la leso, akazitoa simu moja moja, akaziweka mikononi mwa profesa. "Basi shika," alisema. "Njia ni hii."

Muhsina akashika, na akapanda. Alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti yanalalamika, na jua la saa tano halikumheshimu mtu wa cheti. Kileleni simu zilianza kulia moja baada ya nyingine. Jumbe mbili zilikuwa zimekwisha kufa. Moja ilikuwa hai, imebakiza saa sita. Ya mzee Tsofa ilikuwa tangazo la bahati nasibu. Katika simu yake mwenyewe Muhsina alikuta maneno ya Abdurahman: "Mchele upo, mafuta yapo. Nazi nimesahau Msambweni. Nisamehe." Alipowasomea wanawake ujumbe huo, kicheko kiliondoa haya iliyobaki baina yao. Jumwa alisema nazi zipo kwake, wasisumbuke, na hivyo ndivyo wali wa harusi ulivyookolewa.

Baada ya karamu Muhsina alikaa na wanawake ishirini na watatu nyuma ya nyumba, akawauliza maswali mpaka alasiri. Nani analima? Nani ameandikwa? Nani alipata mfuko, na alikwenda kuuchukua kwa miguu au kwa pikipiki? Katika hao ishirini na watatu, wote walilima. Walioandikwa walikuwa wanne. Usiku wakiwa njiani kurudi, Abdurahman alimgeukia mkewe.

"Wahuzunika?" alimwuliza.

"Naona haya," alisema Muhsina. "Nilipokuwa msichana nilimpima kila samaki kabla sijasema neno. Mbolea ya nchi nzima niliipima kwa macho, ghorofa ya nane."

Alirudi Nairobi akaandika barua kwa kamati. Mwenzake mmoja, Daktari Kombe, mtu mwema aliyempenda, aliisoma akashika kichwa. "Profesa, usiandike 'nilikosea.' Andika 'utekelezaji ulikumbwa na changamoto.' Ndivyo tunavyoandika sote."

"Kombe, changamoto haikuandika ukurasa wa arubaini na mbili."

"Watakula jina lako."

"Na walile. Lilikuwa limenenepa."

Alisimama mbele ya kamati akaeleza kilima, simu nne, na dereva wa lori. Wengine waliangalia meza. Katibu aliyeongoza kikao aliuliza, sasa dawa yake nini? Muhsina akasema dawa anayo nusu tu, nusu nyingine iko Kikoneni, na akaomba kikao kijacho aalikwe mtu anayelima.

Hivyo ndivyo Jumwa alivyopanda garimoshi la Nairobi kwa mara ya kwanza, amevaa gauni alilolishonesha kwa ajili ya harusi ileile. Alilala kwa Muhsina, na asubuhi yake akakataa katakata kuvaa koti la kuazima. "Wakiniona nikitetemeka wadhani naogopa?" aliuliza. "Waache wajue ni baridi yao."

Katibu alimwuliza kwa heshima vocha iishi siku ngapi.

"Mkulima angojea mvua," alisema Jumwa. "Na mvua haina tarehe. Ipeni msimu mzima."

Ofisa mmoja kijana akasema kwamba ikiishi muda mrefu hivyo, itaibwa.

"Kwani sasa haiibwi?" aliuliza Jumwa, na akamgeukia kwa upole uleule wa kilimani. "Mwanangu, mume wangu mwenyewe aliiba, na alikuwa na saa arubaini na nane tu."

Katibu alicheka mpaka akafuta macho. Lakini aliandika. Walikaa siku mbili. Katika majadiliano hayo ilitoka kadi ya karatasi ngumu badala ya ujumbe, yenye jina la mtu anayelima shamba, na jina hilo lipitishwe mbele ya majirani kumi, kwa maana majirani hawadanganyiki juu ya nani anaamka na jembe. Na mbolea isogezwe, iwe katika maduka ya vijijini, isingoje mtu aende Lungalunga. Wizara ilijaribu jambo hilo sehemu tatu kwanza, Kikoneni ikiwa mojawapo. Msimu uliofuata, katika kila wanawake kumi wa sehemu hizo, sita walipata mifuko yao, ambapo mwanzo hawakufika hata wawili. Si kila kitu kilinyooka. Sehemu moja wenye maduka walipandisha bei ya mbegu kufidia, na Muhsina aliliandika na hilo, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene.

Daktari Kombe hakukosea kabisa. Mwaka mzima ulipita simu ya Muhsina haikulia. Watu waliokuwa wakimwita walikuwa wamesikia kwamba profesa huyu hujishitaki mwenyewe, na waliogopa asije akawashitaki na wao. Alitumia mwaka huo kufundisha, kulea wajukuu, na kwenda Kikoneni kila likizo. Kisha ikaja barua ya serikali moja ya magharibi ya Afrika, imeandikwa na mtu asiyemjua: "Tunamtaka yule mshauri anayekubali kukosea. Wengine tunao wa kutosha." Aliisoma kwa sauti mezani. Abdurahman akainuka, akaenda kumtafutia mkoba wake wa safari.

Alistaafu na miaka sitini na mitano. Walijenga Msambweni, nyumba ya vyumba vitatu na baraza pana, karibu na barabara ili wageni wasipotee. Kila Alhamisi hufundisha bure watumishi vijana wa serikali katika wilaya zote za kusini, na kwa kuwa wengi wao wametoka bara wakaanza kazi Ukunda, somo la kwanza huwa la salamu. Husema hivi: mkulima hamwambii bei ya kweli mtu asiyemsalimu. Vijana hudhani ni mzaha wa kizee. Wakisha kwenda shambani mara moja, hawadhani tena.

Jumwa naye hakurudi kuwa mtu wa pembeni. Wanawake wa Kikoneni walimchagua msemaji wa chama chao cha wakulima, na Chengo, ambaye watu wengi waliulizia habari zake, aliacha malori, akarudi nyumbani, na sasa analima ekari mbili za pojo chini ya usimamizi mkali.

Mwaka jana serikali ileile ya magharibi iliandika tena. Ilikuwa na mkutano wa siku nne juu ya mbolea na mbegu, na ilimtaka Muhsina afungue mazungumzo. Magoti yake yalikuwa yamekataa ndege. Akajibu kwamba atawatumia watu wawili walio bora kumshinda: Profesa Kahindi, wa kueleza mahesabu, na Bi Jumwa Chengo, wa kueleza mengine yote. Wakajibu kwamba Bi Jumwa hawamjui. Muhsina akawaandikia mstari mmoja tu kwamba hiyo ndiyo sababu. Wakakubali.

Pasipoti ya Jumwa ilitoka siku mbili kabla ya safari. Kahindi, ambaye sasa ana mvi, alimbebea mkoba mpaka kwenye ndege na alimpa kiti cha dirishani.

Siku waliyorudi, Muhsina na Abdurahman waliwapokea kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Ukunda, kati ya watalii waliokuwa wakiteremka na kofia zao za majani. Jumwa alitoka amevaa kitambaa cha kichwa cha huko alikotoka, kikubwa, cha manjano, kimefungwa kama jahazi zima liko juu ya kichwa chake, na anatembea nacho kama aliyezaliwa nacho. Kahindi alikuwa nyuma yake anasukuma mizigo.

"Shikamoo, Profesa," alisema Jumwa, na akamkumbatia kabla hajaitikiwa.

"Marahaba. Hebu niambie kwanza. Walikusikiliza?"

Jumwa alifikiri. "Siku ya kwanza walinipigia makofi. Siku ya pili wakanipigia makofi tena, nikamwambia Kahindi, hapa hatufiki popote. Siku ya tatu akasimama mwanamke mmoja mkulima, mkali, akasema nimekosea juu ya majirani kumi. Kwao majirani ni ndugu watupu, watabebana. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Siku ya nne hakuna aliyepiga makofi, wote walikuwa wanaandika."

"Na yeye alikuwa sawa?"

"Alikuwa sawa, dada. Nimekuja na nambari yake ya simu, tutampigia kesho."

Muhsina alicheka hadi akashika mkono wa mumewe asianguke. Kisha Abdurahman akasema wali uko tayari nyumbani, na wa leo una nazi, na wote wanne wakaelekea garini, Jumwa akieleza njia nzima bei ya pilipili ya kule, na Kahindi akimsahihisha pale alipokosea.